Fadhila ya Punda: Somo la Kuishi na Watu kwa Darasa la Tatu

Methali mbili za Kiswahili zinamtaja punda. Ya kwanza yasema, "Fadhila ya punda ni mateke." Ya pili yasema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Mwalimu akiziandika zote mbili ubaoni, watoto watagundua upesi jambo ambalo watu wazima hulipita bila kuliona. Katika methali ya kwanza punda analaumiwa kwa kukosa shukrani. Katika ya pili anakufa kwa ajili ya mzigo usio wake. Je, huyu apigaye mateke hana sababu? Swali hilo ndilo msingi wa somo linaloelezwa hapa.

Mazingira ya somo

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mizigo mingi ilichukuliwa na watu, hasa wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja akibeba takriban kilo 30. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o, waenezao ugonjwa wa nagana unaoua wanyama wa mizigo. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa mapema safarini, na punda wengi hawakufika Unyanyembe. Kazi ya upagazi ikaendelea miaka mingi, hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Historia hii ina funzo. Abebaye mzigo, awe mtu au mnyama, hutazamwa kwa mzigo wake. Hali yake mwenyewe haiulizwi. Mtoto ajifunzaye kuisoma hali ya punda ameanza kujifunza kuisoma hali ya mwenzake.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kutofautisha alichokiona na anachokidhani;
(b) kutaja sababu za tabia ya mnyama afugwaye;
(c) kutumia njia hiyo hiyo katika kuhusiana na wenzake.

Maandalizi

Mwalimu amwendee mwenye punda mapema na kumwomba ruhusa. Siku ya somo watoto wasimame mbele au ubavuni, mahali punda anapoweza kuwaona, wala asisimame yeyote nyuma yake. Pasipo na punda, mbuzi, paka au kuku watafaa. Mbwa asiletwe shuleni: zipo familia ambazo kwa imani yao hazimgusi, na iko hatari ya kichaa cha mbwa. Watoto wakumbushwe kwamba aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Hatua ya kwanza: Kutazama

Wanafunzi wamtazame punda kwa dakika kumi, kimya. Mwalimu aulize: Masikio yameelekea wapi? Mgongoni pana jeraha? Afanya nini mtu anapomkaribia? Maneno "mkaidi" na "mjinga" yasitumike katika hatua hii. Mtoto akisema, "Punda huyu ni mkaidi," aulizwe, "Umeona nini?" Atajibu, "Amevutwa, hakwenda." Hilo ndilo liandikwe ubaoni.

Hatua ya pili: Kutafuta sababu

Sasa mwenye punda aombwe kueleza. Mwalimu ajiandae kuongeza mambo haya. Punda akiogopa, mara nyingi husimama tuli badala ya kukimbia. Watu huuita woga huo ukaidi. Hupiga teke anaposhtushwa kwa nyuma au anapoumia. Akitengwa na mwenziwe aliyemzoea hukosa utulivu. Tena huficha maumivu, hivyo aweza kuwa mgonjwa huku akiendelea na kazi.

Hatua ya tatu: Kuwafikiria watu

Mwalimu atoe mifano: mwanafunzi asiyejibu swali, anayekaa peke yake, anayekasirika akiguswa. Kwa kila mfano watoto waseme tumeona nini, na sababu zipi zaweza kuwapo. Asitajwe mtoto yeyote wa darasa hilo. Mwalimu aoneshe pia tofauti kubwa: punda hawezi kusema, kwa hiyo twamtazama tu, mtu aweza kusema, kwa hiyo baada ya kumtazama tunapaswa kumwuliza.

Hatua ya nne: Kutenda

Wanafunzi wapangiwe zamu ya wiki nzima ya kuwapa maji na chakula wanyama wa shule au wa nyumbani, na kuandika kila siku badiliko waliloliona. Waambiwe kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama.

Tathmini

Insha nzuri haitoshi kuwa kipimo. Mwalimu asikilize uwanjani wiki inayofuata. Mtoto aliyezoea kusema, "Fulani ana kiburi," akisema, "Fulani hakuniitikia, nitamwuliza," somo limemfikia.

Neno kwa mwalimu

Somo hili haliwezi kufundishwa na mwalimu akatazaye kumpiga punda huku fimbo i mkononi mwake. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya akipatia hupewa chakula kidogo. Akikosea hapati kitu, wala hapigwi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020, kabla ya kufa mwaka 2022. Ikiwa panya hufunzwa kazi ngumu namna hiyo kwa subira, mwalimu hana hoja ya kuikosa subira hiyo mbele ya mtoto.

Kwa hiyo mwanafunzi akichelewa asubuhi, kabla ya kumwita mvivu, mwalimu amtazame kwanza: miguu yake ina vumbi la mwendo gani, na je, amekula? Kisha amwulize.