Kukusanya na Kupima Mawe

Okota mawe matano madogo kando ya njia, kama afanyavyo mwanafunzi wa Kimara. Yaoshe, yape namba, na uandike daftarini mahali ulipookota kila jiwe. Usiingie kamwe katika machimbo. Kingo zake huporomoka.

Jaribio: Kwaruza kila jiwe kwa msumari. Tia tone la maji ya ndimu juu ya unga utakaotoka. Unga ukitoa mapovu madogo, jiwe hilo ni la chokaa.

Kaskazini ya Kimara, huko Wazo, mawe ya chokaa huchimbwa ili kutengeneza saruji. Ndani yake mna mabaki ya matumbawe.

Maswali
1. Ni jiwe lipi halikutoa unga?
2. Matumbawe huishi baharini. Je, zamani sana Wazo palikuwaje?