Kabla Hujalipa Karo ya Jioni
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa mafundi, vijana na wazazi wa Kimulot

Mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai ikikaribia, Kimulot hutembelewa na watu wa kuuza mabati, watu wa kuuza ng'ombe wa gredi na, siku hizi, watu wa kuuza kozi. Huyu wa mabati hatusumbui sana. Bati utalipiga ngumi usikie linavyolia, utalikunja pembeni uone unene wake. Kozi haipigwi ngumi, na ndiyo sababu ofisi hii imeandika kijitabu hiki.

Malalamiko yanayofika mezani petu yanafanana kama majani ya mchai mmoja. Fundi wa kiwandani, mtu aliyezeekea kwenye mashine, anataka shahada ya uhandisi wa mitambo bila kuacha kazi. Anaambiwa kuna masomo ya jioni, kuna ya wikendi, nafasi zimebaki chache. Analipa pesa za usajili, analipa muhula wa kwanza, anauza ndama ili alipe wa pili. Baadaye, akiwa amefika mwaka wa tatu, mtu wa ofisi ya wafanyakazi anamuuliza swali ambalo angepaswa kuuliza yeye siku ya kwanza: kozi hiyo inatambuliwa na nani?

Tunasema hapa, na tutasema tena mbele: usilipe hata shilingi moja kabla ya kuuliza.

Kiu hii ya masomo tunaielewa

Asidhani mtu kwamba tunawakataza kusoma. Anayeishi kati ya viwanda vya Mogogosiek na Kapset anajua kwamba chai ni kazi ya mashine tangu majani yanaposhuka kwenye lori. Yananyaushwa juu ya feni kubwa, yanakatwa na kusagwa kati ya roli zenye meno, yanaachwa yachachuke, kisha yanakaushwa kwa joto linalotokana na mvuke wa boila. Kila hatua ina mota yake, mkanda wake na beringi zake. Mvua ikinyesha vizuri majani huwa mengi, na kiwanda hunguruma usiku na mchana. Kuna mafundi katika kata hii wanaojua beringi inaelekea kufa kwa kuisikiliza tu, wakiwa wamesimama mlangoni. Lakini barua ya kuagiza boila jipya, au mchoro wa kubadilisha mpangilio wa mabomba ya mvuke, hutiwa saini na mtu mwingine aliyetoka mjini. Hilo linauma, tunajua.

Na mashine zinaongezeka. Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho kwa hasira ya watu waliopoteza kazi za mikono. Kijana aliyeyaona hayo akaamua bora yeye awe upande wa wanaozitengeneza hana kosa. Wala kusoma jioni si aibu. London, chuo cha kufundisha mafundi jioni baada ya kazi kilianzishwa mwaka 1823, na mpaka leo kipo, kikiitwa Birkbeck. Kwa hiyo akikucheka mtu kwamba unabeba daftari ukitoka zamu, mwache acheke.

Ugomvi wetu uko kwenye karatasi unayopewa mwishoni.

Neno moja kwenye cheti

Hapa tunaomba usome polepole, na kama unamsomea mzazi, rudia.

Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ile inayoitwa EBK. Mtu hawi mhandisi Kenya kwa sababu amefuzu au kwa sababu majirani wanamwita injinia. Anakuwa mhandisi kwa kusajiliwa na Bodi hii: kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya angalau miaka 3 ya kazi na tathmini ya Bodi, kama mhandisi kamili wa kitaaluma. Na Bodi huanza kwa kutazama shahada yako.

Miaka mitano baadaye ikaja Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016, ikaunda bodi nyingine, KETRB, ya kusajili wanateknolojia na mafundi sanifu. Basi kuna milango miwili. Shahada ya uhandisi wa mitambo inakupeleka mlango wa kwanza. Shahada ya teknolojia ya uhandisi wa mitambo inakupeleka mlango wa pili. Kwenye tangazo lililobandikwa stendi ya matatu, majina hayo mawili yanafanana kama mapacha, na anayeuza kozi hana haraka ya kukutofautishia.

Tusieleweke vibaya. Mwanateknolojia si mhandisi aliyeshindwa. Kiwanda cha chai kinamhitaji, tena pengine kuliko mwingine yeyote, kwa sababu ndiye anayesimama karibu na mashine. Kama hiyo ndiyo kazi unayoitaka, kozi hiyo ni yako, isome kwa fahari. Uchungu unakuja pale mtu anapolipa kwa miaka akidhani anaelekea mlango wa kwanza, akafika akaambiwa ufunguo wake ni wa mlango wa pili. Neno moja kwenye cheti, teknolojia, ndilo linalotenganisha. Litafute kwenye barua ya kukubaliwa kabla hujaikunja na kuitia mfukoni.

Tena chuo kuwa halali hakutoshi. Watu wengi wanatuambia, "Lakini ni chuo kikuu cha serikali!" Ndiyo, na chuo hicho hicho kinaweza kuwa na kozi tatu za uhandisi, mbili zinatambuliwa na Bodi na ya tatu haijafika. Bodi hutazama kozi moja moja: walimu wake, karakana zake, maabara zake. Kwa hiyo usiulize kama chuo kinatambuliwa. Uliza kama kozi hii, kwa jina hili, katika kampasi hii utakayosomea wewe, inatambuliwa leo.

Wanaodhani tunatia chumvi wakumbuke kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi walikuwa na shahada mkononi kutoka vyuo vikuu vya umma, na bodi ya usajili ya wakati ule ikakataa kuwasajili. Walipanda ngazi za mahakama moja baada ya nyingine, na uamuzi wa mwisho ukatoka 2018. Hesabu miaka hiyo, ya darasani na ya kortini, kisha hesabu nani katika familia yako angeisubiri.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wengi hawapendi kulitaja, sisi tutalitaja. Kati ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na bodi za taaluma kumekuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu nani mwenye neno la mwisho juu ya kozi. Mabadiliko ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016 yaliipa Tume nguvu zaidi. Bodi nazo zina sheria zao. Mawakili watabishana. Wewe fundi wa Kimulot usijitie katikati ya mafahali wawili. Taka zote mbili: Tume iwe imeidhinisha kozi, na Bodi iwe inaitambua. Ikikosekana moja, subiri. Usilipe.

Namna ya kuuliza

Kuuliza si ujinga, tumefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza. Lakini akija mtu amevaa tai, ana kompyuta mkononi, tunanyamaza wote kama tuko kanisani. Muulize. Mwambie akuandikie jina kamili la kozi, jina la kampasi, na kama masomo ya jioni au wikendi ndiyo yaliyoidhinishwa au ni ya mchana tu. Akisema "hayo utayajua ukisharipoti", umepata jibu lako. Mpe chai aende.

Ukishapata maandishi hayo, nenda saiba yoyote, iwe Mogogosiek au Litein, mwambie kijana akufungulie tovuti ya Bodi ya Wahandisi na ile ya Tume. Orodha za kozi zipo, na kuzisoma hakulipiwi isipokuwa pesa ya saiba. Tafuta chuo, kisha kozi, kisha kampasi. Tazama na mwaka, kwa maana utambuzi hutolewa kwa kipindi, hauishi milele. Kama hukuona, au umeona jina linalokaribiana lakini si lenyewe, andika barua pepe uulize, na usubiri jibu la maandishi. Kauli ya simu haina saini. Chapisha ukurasa ule, uuweke pamoja na hati ya shamba.

Malipo yaende kwenye akaunti ya chuo tu. Yasiende kwenye nambari ya simu ya mtu, hata kama ni mtoto wa jirani, hata kama anasema ofa inaisha Ijumaa. Ofisi hii haijivuni, lakini jambo hili tumelisema katika baraza la chifu kabla wengine hawajaona kuna tatizo, na waliotusikia bado wana ng'ombe wao.

Saa za jioni

Kimulot kwenyewe hakuna chuo kikuu, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Masomo ya jioni kwa maana halisi, ya kutoka kazini saa kumi na moja na kuingia darasani saa kumi na mbili, ni ya anayeishi mjini. Kwa mtu wa hapa maana yake ni wikendi na likizo, au kuhama. Shahada ya uhandisi kwa anayesoma mchana ni miaka 5. Kwa anayesoma huku akifanya kazi huenda mbali zaidi, kwa sababu hisabati unaweza kuisoma usiku kwa taa, lakini maabara ya joto na maji, karakana, na wiki za mafunzo ya viwandani hazisomwi kitandani. Kozi inayokuahidi shahada ya uhandisi bila maabara itakupa karatasi bila usajili.

Na mwenye zamu ya boila atusikie vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai boila likaguliwe, lakini mkaguzi hakagui macho yako. Mtu aliyelala saa mbili baada ya safari ya matatu asikabidhiwe vali ya mvuke. Panga zamu na msimamizi wako kabla ya muhula kuanza, kwa maandishi.

Alama, mkopo na njia nyingine

Kuhusu alama za kujiunga: kwa ujumla ni C+ ya KCSE na alama nzuri katika hisabati, fizikia na kemia, au diploma yenye ufaulu wa juu. Mengine yako kwenye kitabu cha chuo.

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina mkopo wa walioajiriwa unaoitwa Jielimishe. Masharti waulize wenyewe.

Asiye na haraka ya shahada aanzie diploma katika taasisi ya ufundi, kama ile ya Konoin, au afanye mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, inayopima kazi ya mikono. Mwajiri hulipa NITA shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Muulize kama amewahi kudai kwa ajili yako. Wengi hawajui, au wanajifanya.

Kama umeshalipa

Usikimbie darasa kwa hasira. Andikia chuo barua uulize kozi iko hatua gani mbele ya Bodi na ya Tume, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Uliza chuo chenye kozi inayotambuliwa kama kitapokea masomo uliyokwisha kufaulu. Kisha uje ofisini na barua ya kukubaliwa, matokeo yako na risiti zote. Zile risiti nyembamba za mashine ya benki hufutika zikikaa kwenye pochi karibu na jasho, kwa hiyo zitolee fotokopi wiki hii.