Nchi Njema Hutengenezwa

Mgeni akiisifu nyumba, mwenye nyumba hufurahi. Lakini yafaa watoto wake wajue jinsi nyumba ile ilivyojengwa. Twataka kujifunza jambo hilo kwa habari ya Ufipa.

Mwaka 1880 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, kijana wa miaka 22, alipita nchi hiyo akitoka Ziwa Tanganyika. Katika kitabu cha safari yake, kilichotoka mwaka 1881, aliwasifu Wafipa kuwa wakulima hasa, watu wasioanzisha vita. Huenda msomaji akadhani ya kwamba aliikuta bustani iliyoota yenyewe. Sivyo.

Kwanza, udongo. Uwanda wa juu wa Ufipa una majani mengi kuliko miti. Mkulima hakuyachoma majani hayo. Mvua zilipoelekea kwisha, aliyakata kwa jembe, akayafunika kwa udongo, akafanya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Ndani yake majani yalioza. Mvua za pili zilipokaribia, aliyabomoa matuta, akautandaza udongo ulionona, akapanda ulezi.

Pili, amani. Mtaalamu Roy Willis, aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika ya kwamba falme mbili za Wafipa, Nkansi na Lyangalile, zilipata kupigana zamani. Basi amani aliyoiona Thomson haikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ilikuwa ya watu waliovijua vita wakaviacha.

Tatu, tusiifanye nchi ile kuwa mbingu. Wafua chuma waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu, malungu, zilizokula makaa mengi ya miti. Jembe lililoulisha udongo lilizaliwa katika moto ulioila miti. Mpita njia haioni gharama hiyo. Mwenyeji hana budi kuiona.

Ndugu wa Milepa, ninyi mkaao bondeni mwajua ya kuwa maji ya juu hushuka kwenu. Udongo usiotunzwa mlimani huwafikia kama matope mtoni. Kwa hiyo wa juu na wa chini wana shamba moja. Tena kwetu tuaminio, kulima na kutunza ni kazi moja. Sifa za mwaka 1880 hazitalinda hata tuta moja la leo.

Maswali ya kufikiri:

1. Ni majani gani tuyachomayo ambayo yangeweza kuwa chakula cha udongo?

2. Ni ugomvi gani wa mpaka twaweza kuumaliza kabla ya mvua?

3. Mgeni akipita kwetu leo, asingeona gharama gani?