Unakula Gizani kwa Nini?

*Shangazi, baridi ya mwezi huu imetushika vibaya huku Sosiot, na chakula cha jioni kimekuwa tatizo nyumbani kwangu. Mke wangu anapika kitu kilekile: leo ugali na majani, kesho majani na ugali. Kama si managu ni sagaa, kama si sagaa ni sukuma. Yeye huchuma chai kwenye mashamba ya watu na hufika nyumbani saa kumi na mbili, kwa hiyo hana muda wa kupika chakula kizito cha kufukuza baridi.*

*Kazi yangu katika kampuni ya chai iliisha Machi, mashine zilipoletwa sehemu yetu. Mke anajua. Watoto hatujawaambia, tunangoja bonasi ya Oktoba ya michai yetu michache itoke kwanza. Asubuhi natoka kama kawaida, nashinda sentani, narudi saa tatu unusu au saa nne. Binti yangu mkubwa huniwekea sahani mekoni, imefunikwa. Nakula bila kuwasha taa nisije nikawaamsha, kisha nalala. Nikimwambia mke abadilishe mapishi ananuna. Familia isiyo na pesa ipike nini wakati wa baridi? Na nimwambieje bila ugomvi?*

*Baba wa Watatu, Sosiot*

Baba wa Watatu, barua yako ilikuwa ndefu mara tatu ya hii. Sehemu kubwa ilikuwa orodha ya ulichopakuliwa tangu Mei, jioni baada ya jioni, na nimeikata yote. Msomaji wa Kericho hahitaji kuelezwa ugali na managu vikoje.

Mapishi nitakujibu upesi. Unga wa mahindi uchanganywe na wa wimbi, ugali utakaa tumboni hadi asubuhi. Managu na sagaa zichemshwe, maji machungu yamwagwe, zitiwe maziwa na kuachwa zilale. Kesho yake jioni utalamba vidole. Siku ya soko la Sondu omena hupatikana kwa bei ya kujadiliana, na sahani moja inatosha nyumba nzima. Nyoyo ya mahindi na maharagwe ndiyo chakula cha baridi hasa, ila inakula kuni na inahitaji mtu wa kukaa nayo saa tatu nne. Nani nyumbani kwako ana saa tatu nne za mchana? Tutarudi hapo.

Sasa tuje kwenye sentensi uliyoipitisha mbio, ukitumaini sitaiona. Unakula bila kuwasha taa, usije ukawaamsha.

Taa ya jikoni inamwamshaje mtoto aliyelala chumba kingine na blanketi hadi kichwani? Kinachoamsha watu usiku ni mlango, ni buti kwenye sementi, ni kifuniko cha sufuria kinachoanguka kwa sababu mtu anapapasa gizani. Kwa usingizi wa watoto, taa ingekuwa nafuu. Unaizima kwa sababu nyingine. Hutaki mtu atoke akukute umekaa na ile sahani. Unaona haya kula chakula ambacho hukukileta.

Ndiyo maana huo ugali unaudharau. Si kwamba mkeo amesahau kupika. Kila tonge linakukumbusha kwamba limenunuliwa kwa kilo za majani alizochuma yeye, na Julai hii kilo zenyewe ni chache kwa sababu baridi hufanya chai isichipue upesi. Mwanamke anasimama bustanini tangu umande haujakauka, mvua ya mawe inampiga adhuhuri, anabeba gunia hadi kituoni, anapanga foleni ya mizani, anafika kwako saa kumi na mbili na vidole vimekufa ganzi. Halafu unamwambia abadilishe menyu. Angenuna tu? Umshukuru Mungu kwa subira aliyompa. Na hayo unayoyaita majani ameyapanda yeye nyuma ya nyumba, nawe unayala kila usiku na sahani inabaki safi.

Nimekukaripia, sasa nisikilize kwa utulivu, maana najua ulikotoka.

Kupoteza kazi kwa sababu ya mashine si kosa lako. Hasira iliyopo huko tumeiona. Mei 2023 mashine za kuchumia chai ziliteketezwa Kericho na picha zikazunguka dunia nzima. Mashine hazikwisha. Mtu aliyechuma chai miaka mingi, anayejua kwa kugusa tu jani lipi linafaa kuchumwa, anaambiwa asante na aende. Hilo linauma, na sitakuambia upige moyo konde uuze mayai. Kazi utatafuta: mjengo, bodaboda, kupogoa michai ya majirani, unazijua kuliko mimi.

Ninalotaka kulishika kwa nguvu ni lile tulilofundishwa sote tangu utoto, kwamba mwanamume haingii nyumbani mikono mitupu. Baba anaonekana kwa mfuko alioushika. Watoto wanakimbia getini, wanaupokea, wanachungulia kama kuna mkate. Siku mfuko haupo, baba hajui afike na nini. Basi anachelewa. Anakaa sentani akicheza drafti ya vizibo vya soda hadi duka la mwisho lishushe mlango, akingoja watoto walale, ili asiulizwe. Nimesoma barua nyingi za wanaume wa namna hii kutoka Bomet, Nandi hata Limuru, na karibu zote zinalalamikia jambo jingine. Mmoja analalamikia chumvi. Mwingine televisheni. Wewe umechagua managu.

Mimi siamini kwamba baba ni mfuko. Naamini baba ni mtu anayekaa na wanawe wanapokula, na kazi hiyo haina mashine ya kuifanya. Anaona nani hakumaliza chakula. Anasikia kikohozi cha mdogo ambacho mama hawezi kukisikia akiwa ameinama juu ya mwiko. Anamuuliza wa kati hesabu zimefika wapi, hata kama mwenyewe zilimshinda. Anasikia kwamba mwalimu amesema jambo kuhusu karo, anasikia mapema, si siku mtoto amerudishwa nyumbani. Hayo huja jioni, midomo ikiwa na ugali, kati ya habari ya saa moja na usingizi. Hayaji asubuhi, watoto wakitafuta soksi.

Utaniambia mambo ya mila, kwamba mwanamume wa Kipsigis hakai jikoni na wanawake na watoto, chakula humfuata alipo. Sawa. Lakini wewe umefanya kazi kwenye kampuni za chai. Unazijua nyumba za kambini, familia nzima chumba kimoja, jiko pembeni, kitanda nyuma ya pazia. Baba alikula wapi humo? Alikula hapohapo, goti kwa goti na wanawe, na heshima yake haikupungua. Isitoshe, chakula chako sasa kinakufuata wapi? Kinakungoja mekoni, na wewe ndiye unayekifuata kwa kunyata.

Tena baridi ya huko inakusaidia. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nanyi majirani zake hamna tofauti kubwa. Jioni ya Julai hakuna mtoto anayependa kukaa sebuleni kwenye viti baridi. Wote wanabanana jikoni kando ya moto. Nenda ukabanane nao.

Kuna mwingine kwenye barua yako niliyemwona, nawe umemtaja kwa maneno saba tu: binti anayekuwekea sahani. Anachagua sahani, anapakua, anaifunika kwa nyingine, anaisogeza kwenye majivu ya moto isipoe. Kila usiku tangu Machi. Mtoto huyo unadhani hajui? Sosiot ni senta ndogo. Wanafunzi wanapita mbele ya veranda mnapochezea drafti wakitoka shule. Mkeo anajua, sentani wanajua, na nakuhakikishia darasa la bintiyo linajua. Aliyebaki akidhani ni siri ni wewe. Mtoto anaposikia habari za babake shuleni kabla ya kuzisikia nyumbani, anajifunza kunyamaza, na kunyamaza huko hakutamwisha siku utakayopata kazi.

Kwa hiyo bonasi ya Oktoba usiingoje. Bonasi yenyewe huijui itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Wakulima wenzako wa Kericho na Bomet kila mwaka wananung'unika kwamba wenzao wa Mlima Kenya wamelipwa zaidi. Usiweke neno la kuwaambia wanao juu ya mizani ya kiwanda.

Fanya hivi. Kesho mchana usiende sentani. Loweka mahindi na maharagwe leo usiku, kesho saa sita washa moto wewe. Una vijiti vya michai iliyopogolewa, vinawaka vizuri vikikauka. Kaa na sufuria hiyo. Majirani watapita, mmoja atacheka, mwache acheke. Mkeo atakapofika saa kumi na mbili akute maji ya moto ya kunawa na nyoyo imeiva, chumvi aweke yeye akitaka. Usimtangazie kwamba umemsaidia. Hujamsaidia mtu, umepika chakula cha nyumba yako.

Mle pamoja. Watoto wakishapata matonge mawili matatu, waambie kwa maneno machache: kazi iliisha mwezi wa tatu, natafuta nyingine, kwa sasa mama ndiye anayeleta pesa na mimi niko hapa. Usiwaahidi tarehe. Wakiuliza swali, jibu hilo tu walilouliza. Na ukimaliza, mwombe mkeo radhi kuhusu mboga, mbele yao, kwa sababu walikusikia ukizilalamikia.

Gazeti hili likikufikia mchana, hata usingoje kesho. Ondoka hapo sentani sasa, uwe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, ule ugali na managu pamoja nao. Mwambie binti leo asikufunikie sahani.