Somo la Nne: Kuuhoji Ujumbe Kabla ya Kutuma Pesa

Lengo: Baada ya somo hili, msomaji aweze kutofautisha dai na ushahidi, na kuhakiki ujumbe wa simu kabla ya kutoa pesa.

Msimu wa kahawa unapofika Mbinga, mapato ya mwaka mzima huingia katika kaya kwa kipindi kifupi. Humo hutoka ada na sare za shule, mbolea ya msimu ujao na deni la dukani. Ujumbe wa kitapeli unaoingia wakati huo waweza kuondoka na mwaka mzima. Katika kaya nyingi, anayepewa simu ausome ujumbe huo ni kijana wa sekondari. Somo hili ni lake, na la mzazi anayemkabidhi simu.

Fikra tunduizi ni nini?

Ni tabia ya kutafuta sababu kabla ya kukubali jambo. Si ubishi, wala si kukataa kila linalosemwa. Mnunuzi makini wa dagaa huko Mbamba Bay hachukui gunia kwa sifa za muuzaji. Hutia mkono hadi chini, akatoa dagaa wachache, akaona kama wamekauka sawasawa. Ujumbe wa simu nao upimwe hivyo.

Mfano

Tuchukulie kwamba baba amepokea ujumbe huu: “Malipo yako ya kahawa Sh 1,850,000 yamezuiliwa. Tuma Sh 30,000 ya uhakiki kwa namba hii kabla ya saa 10 jioni.” Kijana ajiulize maswali manne.

1. *Nani anasema?* Ujumbe umetoka katika namba ya mtu binafsi. Jina la chama cha ushirika likiandikwa ndani yake, hilo si ushahidi. Yeyote aweza kuliandika.

2. *Amejuaje?* Wakati wa msimu, atumaye ujumbe mmoja kwa watu mia hakosi kumpata anayesubiri malipo. Kubahatisha si kujua.

3. *Anataka nini, na haraka ni ya nini?* Mwenye kukulipa, akiwa na gharama halali, aweza kuzikata katika malipo yenyewe. Hana haja ya kukutaka utangulize. Saa 10 imewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza.

4. *Nitahakiki kwa njia gani nyingine?* Hili ndilo swali kuu. Usipige namba iliyomo katika ujumbe, kwa kuwa mwongo hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe. Angalia salio kwenye menyu ya simu. Nenda ofisi ya chama ukamwone katibu. Namba ya siri usimtajie mtu yeyote.

Hesabu pia ni ushahidi

Ahadi nyingine hazina tishio, zina utamu. Unaambiwa uweke pesa, ulete watu watano, nao walete watano kila mmoja, kisha utavuna maradufu. Chukua kalamu: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Mzunguko wa tisa pekee unahitaji watu 1,953,125, ilhali Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa mzima wa Ruvuma una watu takriban milioni 1.8. Hapana biashara hapo: wa mwanzo hulipwa kwa pesa za wa mwisho, na wa mwisho hawana wa kuwalipa.

Watanzania wanaikumbuka DECI, iliyowaalika watu “kupanda mbegu” na kuvuna zaidi ya walichopanda. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani jijini Dar es Salaam. Wengi waliingia kwa sababu jirani amekwisha kuvuna. Mavuno ya jirani yalikuwa ya kweli. Lililokosekana ni swali: yametoka wapi?

Mchezo wa akina mama kumi wanaopeana kwa zamu ni jambo tofauti. Kila mmoja hutoa kiasi kilekile na hupokea jumla ya alichotoa. Hesabu yake inafunga.

Kuhoji bila kukosa adabu

Kijana aweza kuona kwamba kuhoji ni kumvunjia mzee heshima. Sivyo, kinachohojiwa ni ujumbe, si mzazi. Aseme: “Baba, naomba tuangalie salio kwanza, kisha nitakwenda chamani kuuliza.” Mzazi naye asimkatize, kwa maana nusu saa ya kuuliza ni ndogo kuliko ada ya mwaka.

Zoezi

Jioni ya leo, kaeni pamoja mfungue simu ya nyumbani. Chagueni ujumbe mmoja unaotaka pesa au unaoahidi zawadi. Mgawane kazi: mmoja autetee, mwingine auulize maswali manne. Andikeni kila dai, na mbele yake ushahidi. Dai lisilo na ushahidi liachwe wazi, nanyi mtaona ukurasa una nafasi tupu kiasi gani.

Mkibaini ni utapeli, msiujibu. Utumeni kwenda namba 15040 pamoja na namba iliyouleta, kisha mumwarifu jirani, kwani huenda naye amepokea ujumbe uleule na saa yake ya 10 haijafika.