Gari la Kabureta Likitetemeka: Anza na Plagi

Injini ya gari la zamani, kama Peugeot 504, ikitetemeka gari limesimama, usikimbilie skrubu za kabureta. Injini ikizima mteremkoni, breki huwa nzito na ajali i karibu.

Kwanza, acha injini ipoe, ufungue plagi. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi: safisha kichujio cha hewa. Kinoru iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Mombasa hapa humwaga petroli kupita kiasi.

Plagi nyeupe huashiria hewa imezidi: kagua mipira iliyopasuka na gasketi. Usinyunyize petroli kutafuta palipovuja, itawaka.

Skrubu ziguswe mwisho, injini ikiwa imepata moto.