Dondoo muhimu: Kuyeyusha risasi ya chubwi

Mvuvi wa Junda, Mombasa, anayejitengenezea chubwi za mshipi huuogopa moshi, na wengine hujibu kwamba upepo wa bahari unauondoa. Lakini risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 hivi, chini mno ya joto la kutoa mvuke mwingi. Sumu kubwa imo kwenye vumbi na taka zinazoelea juu ya risasi iliyoyeyuka. Upepo hauziondoi hizo: huzitua mchangani, watoto wanapocheza, na mkono wa mtoto hauishi kwenda kinywani.

- Usivunje betri za gari kupata risasi. Huko Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilidhuru wakazi hadi mahakama, mwaka 2020, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.
- Kausha kalibu kabisa. Tone moja la maji hulipuka na kukurushia risasi ya moto usoni.
- Vaa viatu vya kufunika na miwani.
- Taka zitie koponi, uzifunike.
- Sufuria hiyo isirudi jikoni, hata ikisuguliwa.
- Nawa kwa sabuni na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.
- Mtoto aliyezoea kukaa karibu apimwe damu, hata akionekana mzima.